Pedi Inapowekwa Chini: Kwa Nini Wachezaji Huacha Magemu Kabla ya Mwisho

Najua wapo waliojiuliza kama mada ya magemu ya video ina hadhi ya ukumbi huu. Kwangu inayo. Vijana wengi siku hizi hukutana na hadithi ndefu kwenye gemu kabla hawajakutana nayo kwenye riwaya, na namna wanavyoiacha njiani inawahusu watu wa fasihi, wa saikolojia na wa kompyuta kwa pamoja.

Mwaka 2010 kampuni ya Rockstar ilitoa gemu la Red Dead Redemption. Wahakiki walilisifu, na likauzwa kwa mamilioni ya nakala. Mwaka uliofuata CNN iliripoti, kwa takwimu za Raptr, kampuni iliyokuwa ikifuatilia uchezaji wa watu mtandaoni, kwamba ni asilimia 10 tu ya wachezaji waliomaliza misheni ya mwisho. Tutazame walichokikosa wengine. Ni mwaka 1911, mpakani mwa Marekani na Mexico. John Marston, jambazi aliyeacha ujambazi, analazimishwa na maofisa wa serikali kuwasaka wenzake wa zamani, huku mkewe na mwanawe wakishikiliwa ili asikatae. Anaikamilisha kazi, anarudi nyumbani, na hapo gemu linatulia ghafla. Mchezaji anaswaga ng'ombe. Anamfundisha Jack, mwanawe, kuwinda. Kisha jeshi linazingira shamba. John anawatorosha mke na mtoto, anafungua mlango wa banda la mifugo, na mbele yake kuna safu ya bunduki zilizomwelekea. Hadithi inarukia mwaka 1914, na mchezaji sasa ni Jack, mtu mzima mwenye kisasi.

Huo ni mmoja wa miisho mizuri kuwahi kuandikwa katika sanaa hii. Wachezaji 9 kati ya 10 hawakuufikia.

Riwaya ikiachwa kwa kiasi hicho tungemhoji mwandishi. Kwa gemu, tumezoea kumhoji mchezaji: hana subira, simu zimemharibu, kizazi hiki hakimalizi kitu. Nimekuja kupinga maelezo hayo. Mchezaji anayeacha gemu anatoa hukumu juu ya kazi aliyowekewa mbele, na mara nyingi hukumu yake ni ya haki kuliko ya wahakiki, kwa sababu yeye amelipa kwa muda wake mwenyewe.

Tukumbuke kwanza kwamba mwisho wenyewe ni jambo lililokuja baadaye. Mashine za Space Invaders za mwaka 1978 na Pac-Man za mwaka 1980 zilimeza sarafu, na hazikuwa na mwisho uliopangwa. Ulicheza mpaka ukafa. Pac-Man ina hatua ya 256 ambapo nusu ya skrini hugeuka fujo la herufi na namba, lakini hakuna aliyeibuni kuwa tamati: namba ya hatua ilihifadhiwa katika baiti moja, baiti moja haipiti 255, na programu ikachanganyikiwa. Mchezaji wa enzi hiyo hakuulizwa kama amemaliza. Aliulizwa amepata pointi ngapi.

Michezo yetu ya kale nayo haikulijua tatizo hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wawili wanaanza na hatua ya namua, wanaingia ya mtaji, na kabla ya adhana ya magharibi mmoja ameshindwa. Huwezi kunyanyuka katikati ukaenda zako, kwa sababu mwenzako amekaa hapo na watazamaji wamekuzunguka. Gemu la saa 50 unalolicheza peke yako chumbani halina mtu wa kukusubiri. Ukiliacha, hakuna anayejua.

Magemu yalipohamia majumbani, mambo mawili yaliingia kwa mpigo: hadithi yenye mwisho, na mnunuzi anayetaka thamani ya fedha yake. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na dunia 8 na hatua 32, na binti mfalme akisubiri mwishoni. Toka hapo urefu ukawa sehemu ya bei. Na palipokuwa na biashara ya kukodisha magemu, urefu na ugumu vikawa silaha.

Mfano wangu hapa ni gemu ambalo majina ya wahusika wake kila mtu ukumbini anayajua: The Lion King, lililotengenezwa na Westwood kwa ajili ya Disney mwaka 1994. Hatua yake ya pili iliwatoa watoto machozi dunia nzima. Simba akiwa bado mdogo anaruka juu ya vichwa vya twiga, anapanda mbuni anayekimbia, kisha anarushwa na nyani kutoka mti hadi mti. Nyani hao unatakiwa kuwangurumia kwa mpangilio maalumu ili wageuke na kumrusha upande unaofaa. Mpangilio huo hauelezwi popote. Ukikosea unarudishwa ulikotoka. Louis Castle, mmoja wa waasisi wa Westwood, ameeleza hadharani kwamba ugumu huo uliagizwa: Disney haikutaka mtoto akodishe gemu wikiendi moja, alimalize, kisha wazazi wasilinunue. Gemu lina hatua 10, na Simba mtu mzima, mwenye manyoya na ngurumo kamili, anakuja baada ya nusu ya safari. Watoto wengi hawakuwahi kumwona.

Naomba tulipime hilo kwa uzito wake. Mtoto wa miaka 8 aliyeweka pedi chini mbele ya nyani wale aliamini kwamba yeye ndiye asiyeweza. Kumbe kulikuwa na ukuta uliojengwa kwa makusudi ya kibiashara. Hili ndilo linalonikera zaidi katika historia nzima ya magemu, kwamba watu walifundishwa kujiona wameshindwa mahali ambapo hawakupewa nafasi ya kushinda.

Afrika Mashariki ina somo lake, na limo katika mabanda ya gemu. GTA: San Andreas ilitoka mwaka 2004, na kwa PlayStation 2 za mabanda yetu ilidumu miaka mingi baada ya Ulaya na Marekani kuhamia mashine mpya. Hadithi ya Carl Johnson, CJ, ina misheni karibu 100. Sasa fikirieni mazingira. Unalipia muda. Nyuma yako kuna foleni. Memori kadi ya MB 8 ni ya mwenye banda, gemu lina nafasi 8 tu za kusevu, na mtaa una watoto wengi kuliko nafasi hizo. Ukirudi Jumamosi unakuta mtu amesevu juu yako. Luku ikiisha katikati ya misheni, umerudi mwanzo.

Ongeza misheni zenyewe. Ipo ile ya treni, ambapo CJ anaendesha pikipiki sambamba na treni huku Big Smoke, amekaa nyuma, akiwapiga risasi maadui walio juu ya mabehewa. Silika inakuambia uwakaribie. Ukiwakaribia mno, Smoke hawapati. Inakupasa uachie nafasi kidogo kando ya reli, na wengi waliambiwa siri hiyo na mtu aliyesimama nyuma yao, wala si na gemu. Aliyevuka hapo alikutana baadaye na shule ya urubani jangwani: mitihani 10 ya kuruka, kutua na kupindua ndege angani, na bila kufaulu yote hadithi haisogei. Mchezaji alikuja kwa ajili ya hadithi ya familia na genge lake, akakwamishwa na mtihani wa stadi ambayo hakuiomba.

Lakini vijana wale walifanya nini? Hawakuondoka. Walikuja na karatasi zilizochanwa kwenye daftari la shule, zimeandikwa kwa kalamu mfuatano wa vitufe vya kupata kifaru, jetpaki, silaha na fedha. Waliminya vitufe kwa kasi ya mtu anayejua kitu kwa moyo, kifaru kikadondoka barabarani, na dakika zilizobaki wakazunguka nacho mji wa Los Santos. Mtafiti anayehesabu misheni atawaandika kuwa wameacha. Mimi nawahesabu miongoni mwa wachezaji wa dhati kabisa. Waliacha misheni, wakabaki na mji.

Hapa ndipo takwimu za kumaliza zinapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Xbox 360 ilipoanza mwaka 2005 kutoa nishani za kidijitali kwa kila hatua, na maduka kama Steam yakafuata, kila mtu aliweza kuona ni asilimia ngapi ya wachezaji wamefika wapi. Hata nishani za sura ya kwanza, ambazo huwezi kuzikosa ukicheza kidogo tu, hazifiki asilimia 100. Tunajua walipoishia. Kwa nini waliishia hapo, takwimu hazisemi.

Raph Koster, mbunifu wa magemu wa Marekani, alitoa mwaka 2004 kitabu kiitwacho A Theory of Fun for Game Design. Hoja yake ni kwamba raha ya mchezo ni raha ya kujifunza. Akili ikishaielewa ruwaza yote, raha inakwisha, hata kama hadithi bado inaendelea. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Katika magemu makubwa ya siku hizi, mchezaji hujifunza karibu kila kitu cha msingi katika saa za mwanzo: kupigana, kujificha, kuboresha silaha. Baada ya hapo anapewa kambi ya 5 ya maadui, kisha ya 12, kisha ya 20, na ramani iliyojaa alama za vitu vya kuokota. Akiacha hapo, ameacha akiwa ameshiba. Kumwita mvivu ni kumwonea.

Tofauti kabisa ni yule aliyeachishwa na maisha. Mitihani ilifika, kazi ikaanza, mtoto akazaliwa. Miezi inapita, siku moja anapata nafasi, analifungua gemu. CJ, au Geralt wa The Witcher 3, au yeyote yule, amesimama katikati ya njia. Alikuwa anakwenda wapi? Huyu mzee anayedai dawa ni nani? Na mikono nayo imesahau. Kitufe cha kukwepa kinageuka kitufe cha kurusha bomu, anakufa mara mbili kwa adui ambaye zamani alimpita bila kumtazama. Kuanza upya ni saa 30 zilizopotea, kuendelea ni aibu. Anazima. Nimezungumza na wanafunzi wengi kuhusu jambo hili, na sababu hii huielezea kwa majuto kuliko sababu nyingine zote.

Tiba yake ipo na si ghali. Pokémon FireRed ya mwaka 2004 ilimwonyesha mchezaji, kila alipofungua, matukio machache ya mwisho ya safari yake. The Witcher 3 ya mwaka 2015, kutoka CD Projekt Red ya Poland, humtumia mshairi Dandelion kusimulia hadithi ilipofikia wakati gemu linajipakia. Celeste ya mwaka 2018, gemu gumu la kupanda mlima, ina mpangilio wa msaada: unaweza kupunguza kasi ya gemu au kujipa nguvu zisizokwisha, na gemu halikudharau kwa hilo. Nashangaa kwamba mambo haya bado ni ya wachache.

Kuna wanaoniambia tatizo limekwisha, kwa kuwa magemu ya simu kama Candy Crush Saga na Free Fire hayana mwisho wa kufikiwa. Kweli hayaachwi kirahisi. Yana zawadi ya kila siku, msimu unaofungwa, rafiki anayekuita kwenye kikosi. Sikubali kwamba hiyo ni nafuu. Mtoto anayefungua gemu saa tano usiku ili asipoteze zawadi ya siku anazuiliwa, na gemu linalozuia watu lisipewe sifa ya kupendwa.

Kwa wazazi nina ombi moja. Kabla ya kuzima runinga, muulizeni mtoto kama amesevu, kisha mmpe dakika 5 afike mahali pa kusevu. Kazi yake ya wiki nzima imo humo.

Kwa wanafunzi wa kompyuta na sanaa mlioketi huku mbele, ambao najua baadhi yenu mmeanza kutengeneza magemu kwa Kiswahili: msishindane kwa urefu. Journey ya mwaka 2012 inakwisha kwa muda wa karibu saa 2 na bado inazungumzwa. Mkipata takwimu za wachezaji wenu, tafuteni hatua ile wanayoachia wengi, ichezeni wenyewe kwa mikono ya mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuigusa, kisha irekebisheni. Mtengenezeeni mwisho mchezaji mwenye saa moja jioni, simu ya kawaida na bando la wiki, naye aweze kuufikia.