Mathenge: maswali yaliyochelewa kuulizwa

Mwaka 2006 wafugaji wa jamii ya Ilchamus, waishio kandokando ya Ziwa Baringo nchini Kenya, waliishtaki serikali yao kwa sababu ya mti. Katika kesi hiyo, mbuzi kibogoyo alifikishwa mahakamani mjini Nairobi awe kielelezo.

Mti wenyewe ni mathenge, ambao asili yake ni bara la Amerika. Ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema: kuni zipatikane, mifugo ipate lishe, na jangwa lizuiwe. Mifugo ikala maganda yake matamu na kuzitawanya mbegu kwa kinyesi; mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yakazichukua mbali zaidi. Vichaka vya miiba vikaziba njia na malisho. Na ule utamu wa maganda, wafugaji walilalamika, ukawaozesha mbuzi meno.

Je, balaa hilo lingeweza kutabiriwa? Australia ilianza mwaka 1997 kutumia orodha ya maswali 49 kuupima mmea mgeni kabla haujaruhusiwa kuingia. Je, una miiba? Hufanya vichaka vizito? Mbegu zake husambazwa na wanyama? Umekwisha kuwa gugu penginepo? Majibu hupewa alama. Ukizidi alama 6, mmea hukataliwa. Usipofikisha alama 1, huruhusiwa. Ukiwa katikati, huchunguzwa zaidi.

Swali zito ni lile la mwisho. Miti ya jamii moja na mathenge ilikuwa imekwisha kuwasumbua wafugaji wa Australia kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini Baringo. Habari ilikuwapo, orodha ya kulazimisha iulizwe ndiyo iliyokuwa bado haijatungwa.

Hata hivyo kipimo hicho hukosea, na mara nyingine huizuia mimea isiyo na madhara. Ugumu zaidi ni kwamba kustahimili ukame na kukua upesi, sifa zilizowavutia waliouleta mathenge, ndizo hizo hizo zinazoupa mmea nguvu ya kuvamia.

Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari mwaka 2008, robo karne hivi baada ya kupandwa Baringo. Wenyeji huukata na kuchoma makaa, lakini kisiki kisipong'olewa huchipua upya.