HOTUBA YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA WANAUSHIRIKA: ZIBA MAJI KWANZA, NDIPO UPIGE LIPU



Nimesimama hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni kujikosoa. La pili ni kueleza jinsi tulivyotengeneza bafu la nyumba yetu ya wageni, ili kila mwenye bomba nyumbani kwake ajifunze. Mambo haya mawili ni jambo moja, nanyi mtaona.

Mnakumbuka mifuko 6 ya saruji iliyoganda ghalani. Kikao kilikaa, na mimi nilikuwemo. Tulisema mtunza ghala ni mzembe, ameacha paa livuje. Akasema, "Ndugu zangu, paa ni zima, maji yanatoka ukutani." Tukacheka. Eti ukuta una kisima? Tukaamua alipe, naye akalipa kutoka kwenye mauzo ya mazao yake. Karatasi ya uamuzi ule ina saini yangu.

Sasa jamani, ukuta ule wa ghala upande wa pili una nini? Una bafu la chumba cha wageni, lenye bomba la mvua, wengine mnaita shawa. Humo bafuni rangi ilikuwa inababuka na lipu inavimba kama andazi. Nikaagiza pakwanguliwe, papakwe rangi. Baada ya miezi michache hali ikarudi ile ile. Nikaagiza tena. Mara mbili nimetumia fedha za ushirika kuficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Safari ya tatu tukaita fundi. Yeye hakuanza kuvunja. Alianza kuuliza: maji yanatoka sakafuni, au kwenye bomba? Kwanza akachora kwa mkaa, upande wa ghala, mpaka wa mahali palipolowa. Kisha akaziba tundu la maji machafu kwa tambara, akajaza maji sakafuni, akaweka alama. Kesho yake maji yalikuwa karibu na alama ile ile, na ukutani unyevu haukuvuka mkaa. Sakafu ikaachiwa huru.

Siku ya pili akafungua kichwa cha bomba la mvua, akaunga mpira wa kupeleka maji nje dirishani, ili ukuta usirushiwe hata tone. Akafungulia koki nusu saa. Asubuhi yake unyevu ulikuwa umevuka mkaa. Basi mwizi akajulikana: ni bomba lililofichwa ndani ya ukuta, baina ya koki na kichwa. Sehemu hiyo haina maji mpaka mtu afungue aoge, ndiyo maana tulipoikagua koki ikiwa imefungwa hatukuona kitu.

Tukafunga maji kwenye tangi. Swichi ya taa iko ukuta ule ule, kwa hiyo tukazima na umeme. Fundi akabandua lipu mpaka akapita sehemu iliyolowa na kufika penye ukavu. Kiungio cha kona cha bomba la chuma kilikuwa kimeliwa na kutu. Tukakinga kopo: kwa muda wa mtu mmoja kuoga, robo lita. Tufanye hesabu. Wageni 4 kwa siku ni lita moja. Mwezi mmoja ni lita 30, yaani ndoo moja na nusu, zote ndani ya ukuta! Matofali yetu ni ya kuchoma, lakini yameungwa kwa udongo. Udongo ule ulikuwa umegeuka uji. Tungechelewa, ukuta ungemwangukia mtu.

Matengenezo yalikwenda hivi:

1. Tulitegemeza ukuta kwa magogo, tukatoa matofali yaliyolegea machache machache, tukayarudisha kwa saruji.

2. Bomba jipya tumelipitisha nje ya ukuta, si ndani. Halipendezi sana, lakini likivuja litaonekana siku hiyo hiyo. Viungio vimefungwa tepu nyeupe ya mabomba. Tulifungulia maji kutwa nzima, tukapapasa kila kiungio kwa karatasi kavu kabla ya kuendelea.

3. Tulisubiri ukuta ukauke. Hapa ndipo wengi tunashindwa, tunataka lipu leo leo. Sisi tulingoja wiki 5, dirisha wazi. Kipimo chake ni rahisi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote, ulale. Asubuhi ukikuta jasho nyuma ya nailoni, bado.

4. Lipu ilichanganywa ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga safi, na dawa ya kuzuia maji. Ilinyunyiziwa maji siku 7 isipasuke. Msishangae: lipu mpya hutaka maji ili igande vizuri, lakini ukuta uliooza hautaki.

5. Sakafu tuliipa mteremko wa sentimeta 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na pembe ya ukuta na sakafu ikajazwa saruji ya mviringo.

Na ule ukungu mweusi msiupake rangi juu. Usugueni kwa sabuni na brashi, mdomo na pua zikiwa zimefunikwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba huleta maradhi ya kifua na kuzidisha pumu. Mwenye mtoto anayekohoa kila usiku na atazame ukuta wake pia.

Ndugu wanaushirika, fundi alimsikiliza ukuta siku mbili kabla ya kushika nyundo. Sisi hatukumsikiliza mwenzetu hata dakika mbili. Alituambia ukweli, tukamtoza. Mimi Katibu nilikosea, na mbele yenu namwomba ndugu yetu radhi.

Napendekeza mkutano huu uazimie: arudishiwe fedha zake zote, karatasi ile ya uamuzi ifutwe, na tangu leo pasiwe na mtu wa kutozwa kwa hasara ya mali kabla wajumbe hawajakwenda kuona mahali penyewe kwa macho yao. Gharama ya rangi niliyoagiza safari ya pili, nikatwe mimi.



(Maazimio yote yalipitishwa kwa kunyoosha mikono. Mtunza ghala alisimama akasema, "Nimeyapokea. Sasa njooni mnisaidie kusogeza mifuko mbali na ukuta." Kazi hiyo ni Jumamosi asubuhi, watu wote.)