Kisumu Mchana, Migosi Usiku



Mazungumzo ya leo yahusu mtu asafiriye peke yake, asiye na mwenzi wa kumwongoza wala ndugu wa kumpokea, naye ana siku moja tu ya kuitazama Kisumu. Mtu kama huyu aghalabu huonywa asitoke usiku. Onyo hilo si baya, lakini halitoshi. Wenyeji wengi wa hapa hununua chakula chao jua likiisha kutua, watokapo kazini, na asiyeliona soko la usiku hajaiona Kisumu. Linalofaa ni kujua jinsi ya kuutumia mchana, ili usiku mtu asipotee wala asipunjwe.

Na aanzie Dunga, kando ya ziwa, kusini ya mji, asubuhi na mapema. Wakati huo wavuvi wa omena, ndio dagaa, hurudi nchi kavu. Samaki hawa wadogo huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwanga huwavuta, kisha wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua, kwa kuwa nuru ya taa hushindwa na nuru ya mwezi. Kunapokucha akina mama huwanunua na kuwaanika juani. Wanaoanikwa juu ya vichanja hutoka safi. Wanaoanikwa chini huchanganyika na mchanga. Msafiri na aliweke jambo hili moyoni, maana litamfaa jioni. Kando ya hapo pana mafunjo marefu, na akitulia kimya huenda akamwona ndege mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu, ambaye makao yake ni mafunjoni.

Arudipo mjini atapita karibu na hifadhi ndogo iliyotengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala. Mbele yake ni bandari na stesheni. Reli itokayo Mombasa ilifika hapa mwezi wa Desemba 1901, wakati mahali hapa palipoitwa Port Florence. Miaka mia baadaye, mwaka 2001, Kisumu ilipewa hadhi ya jiji.

Adhuhuri, jua linapokuwa kali, yafaa aingie katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna boma kamili la Kijaluo. Nyumba ya mke wa kwanza, aitwaye mikayi, inaelekea lango. Nyumba za wana wa kiume, ziitwazo simba, zi karibu na lango hilo. Atazamaye mpango huo ataona ya kuwa mgeni hakuweza kumfikia mwenye mji bila ya kuonekana kwanza na vijana wake. Kwa hiyo mgeni mwema alijitangaza mwenyewe kwa salamu. Adabu hiyo haikubaki makumbushoni. Ingali yatakiwa sokoni.

Jioni na aelekee Migosi, mtaa ulio upande wa kaskazini-mashariki, karibu na Kondele. Njiani kuna soko la Kibuye, ambalo hujaa zaidi siku ya Jumapili, na hospitali kuu ambayo wenyeji huiita “Russia”, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960. Alama hizo mbili na azishike akilini kungali mchana, apate kuijua njia gizani. Fedha za kununulia na aziweke mbali na fedha za safari. Na akipanda bodaboda apatane nauli kabla ya kuketi.

Giza likiingia, taa huwashwa kando ya barabara kutoka Kondele mpaka njia za Migosi. Hapa kuna mboga, ndizi, mahindi ya kuchoma, nguo za mitumba, na omena wale wale wa asubuhi, nao hupimwa kwa kopo liitwalo gorogoro. Msafiri na aseme “Oimore”, yaani salamu za jioni, kabla ya kuuliza bei. Kisha na awatie omena kiganjani. Waking'aa kama fedha na wasiache mchanga, ni wema. Na alitazame kopo pia, lisiwe limebonyea chini.

Penye karai la mafuta atakuta mgongo wazi. Huyu ni mbuta, samaki aliyetiwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 viwanda vilianza kukata minofu yake ipelekwe ng'ambo. Kichwa na mifupa vikabaki, na akina mama wakavikaanga na kuviuza kwa watu wasioweza kununua samaki mzima. Mgeni asicheke chakula hicho. Ndicho kitoweo cha nyumba nyingi zilizo karibu na ziwa lenyewe, na karo za watoto wengi zimetoka katika karai hilo.

Hapo ndipo faida ya mchana ionekanapo. Kupatana bei si kosa, na muuzaji hutazamia hivyo. Lakini aliyeiona kazi ya taa, ya wavu na ya jua hajui tu kukataa bei iliyozidi. Ajua pia kiasi ambacho chini yake muuzaji atalala na hasara, mtaji wake ukiwa ni gorogoro chache tu. Akikubaliana naye, na alipe mara moja, kwa fedha taslimu au kwa simu, asubiri mpaka muuzaji aone kwamba fedha imefika, ndipo achukue furushi lake.

Baada ya hapo na arudi alikofikia kwa njia yenye taa na watu, kabla wauzaji hawajaanza kufunga. Asubuhi, akipenda, na arudi kwa mama yule yule. Hatakuwa mgeni tena.