Tukinunua Kifaa, Tununue na Matengenezo Yake

(Maneno ya Mweka Hazina katika hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

 

Kamati imenipa dakika kumi na tano nieleze bajeti. Najua mhasibu akishika maikrofoni watu huanza kutafuta mlango, hasa pilau ikiwa imeshaanza kunukia. Lakini kuna neno limesemwa kwenye kikao cha tawi na kwenye grupu letu la WhatsApp, na ni afadhali nilijibu hapa mbele ya wote. Limesemwa hivi: hospitali moja ya Ujerumani imetupa bure vifaa vya upasuaji wa magoti, kazi yetu ni kulipia usafiri tu, halafu mweka hazina ameingiza mstari wa "matengenezo" unaomeza shilingi tatu katika kila kumi. Anatuharibia shughuli.

Ndugu zangu, nimeuweka mstari huo kwa makusudi, na nina sababu.

Baadhi yenu mnakumbuka mashine ya ultrasaundi tuliyoipeleka nyumbani miaka iliyopita. Tulipiga picha, tukacheza ngoma, bibi zetu walilia kwa furaha. Ile mashine haikumaliza mwaka. Umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na hatukuwa tumenunua stabilaiza. Fundi alipokuja alisema kinahitajika kipuri, na fedha ya kipuri haikuwepo kwenye fungu lolote. Mpaka leo imefunikwa shuka stoo. Aliyesaini bajeti ile isiyokuwa na senti moja ya matengenezo ni mimi. Kwenye daftari la mali iliendelea kuonekana ina thamani ya mamilioni, wakati mama mjamzito anapanda basi kwenda mjini kupimwa. Sitaki kusaini karatasi ya namna ile mara ya pili.

Na tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha matokeo ya kukusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye kipato kidogo. Walikuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi.

Sasa tuangalie hiki tunachotaka kukipeleka. Athroskopu ni bomba jembamba la chuma. La goti kwa kawaida lina unene wa milimita 4, kama penseli nyembamba. Ndani yake zimepangwa fito ndogo za kioo, na pembeni zinapita nyuzi za kupeleka mwanga. Ncha moja inaingia ndani ya goti kupitia tundu dogo, nyingine inafungwa kamera, na daktari anaona kwenye skrini. Kupitia tundu la pili anaingiza vifaa vya kukatia na kushonea. Goti halifunguliwi lote, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake.

Kazi hii ilianzia Japani. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1962 aliondoa sehemu ya gegedu iliyochanika kwa kupitia matundu. Mwingereza Harold Hopkins alibuni mpango wa fito za kioo badala ya lenzi ndogondogo zenye nafasi kubwa za hewa katikati, na kiwanda cha Karl Storz cha mji wa Tuttlingen, Ujerumani, kikautengeneza katika miaka hiyo ya 1960. Picha ikang'aa kuliko zamani. Lakini zile fito zilizoleta picha nzuri ndizo zinazovunjika. Bomba likipinda kidogo tu, kioo kinapasuka.

Linaharibikaje? Mara nyingi si kwa uzee. Kisu cha umeme kinachozunguka ndani ya goti kinagusa ncha ya lenzi. Muuguzi aliyechoka analiweka chini ya beseni la vyuma vizito. Linatolewa kwenye otoklevu likiwa la moto, linamwagiwa maji ya baridi ili lipoe haraka. Lakiri inalegea, unyevu unaingia, picha inakuwa na ukungu.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya dukani. Tuseme tengenezo moja linagharimu shilingi 4,000,000. Bomba likihudumia wagonjwa 100 kabla ya kuharibika, kila mgonjwa amebeba shilingi 40,000 za matengenezo. Likiharibika baada ya wagonjwa 10, kila mmoja amebeba 400,000. Bomba ni lilelile na bei ya fundi ni ileile. Kilichobadilika ni mkono unaoliosha. Kwa hiyo anayepanga gharama ya upasuaji huu kule kwetu, zaidi ya muuzaji wa Ulaya, ni yule dada wa chumba cha upasuaji mwenye brashi na sabuni. Ndiyo maana shilingi mbili katika kila kumi zinakwenda kwenye mafunzo yake na ya fundi wa hospitali.

Na soko lenyewe likoje? Linashikwa na kampuni chache kubwa: Arthrex, Stryker na CONMED za Marekani, Smith & Nephew ya Uingereza, Karl Storz na Richard Wolf za Ujerumani. Ukiwa na bomba bovu una milango mitatu. Wa kwanza ni kununua jipya, na hapo unazungumzia maelfu ya dola. Wa pili ni kubadilishana: unampelekea mtengenezaji bovu lako na fedha juu yake, anakupa lililokarabatiwa. Wa tatu ni mafundi wa kujitegemea, wanaobadilisha kioo cha mbele, fito, nyuzi au bomba la nje, mara nyingi kwa bei ya chini. Kampuni zenye majina zimelalamika kwamba mafundi hao ni hatari kwa mgonjwa. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa ripoti yake: haikuona ushahidi wa kutosha kusema kuna tatizo kubwa la usalama lililoenea, na ikasema wengi wao wanafanya kazi nzuri. Kwa hiyo fundi wa nje tusimwogope, ila tudai maandishi: amebadilisha nini, kwa kipuri gani, na dhamana ni ya muda gani.

Jihadharini pia na neno "bure". Mnaijua printa ya bei nafuu ambayo wino wake ndio unaokufilisi. Huku nako ni hivyo. Visu vya kukatia na mipira ya pampu ya maji hutumika na kutupwa, na vya kampuni moja mara nyingi havikubali mashine ya kampuni nyingine. Hata ala ya chuma linamopita bomba lazima iendane nalo. Ndiyo maana nimeiandikia hospitali ya Ujerumani ituletee orodha kamili, kipande kwa kipande, kabla hatujalipa hata shilingi ya meli, na kabla hatujaomba kibali cha TMDA.

Tutavipima pia kabla ya kufungwa kwenye boksi. Fundi ataangalia maandishi ya karatasi kupitia bomba: ukungu ni unyevu au kioo kilichopasuka, na kivuli cha mwezi mchanga pembeni ni bomba lililopinda. Kisha ataelekeza ncha kwenye taa na kutazama pale panapofungwa waya wa mwanga: kila nukta nyeusi ni uzi uliokatika. Kipimo hiki hakina gharama.

Wazee wangu, niseme na hili kwa heshima. Wengi wenu mmenipigia simu mkisema sasa magoti yetu yatapona. Madaktari wametuambia wazi kwamba goti lililolika kwa umri halinufaiki na kamera hii. Jopo la wataalamu lililochapisha mwongozo katika jarida la BMJ mwaka 2017 lilishauri kwa mkazo lisifanyiwe hivyo. Vifaa hivi ni kwa kijana wa bodaboda aliyekatika kano, kwa binti aliyechanika gegedu uwanjani. Leo hii kijana wa namna hiyo anakuja mpaka Muhimbili, MOI, analala kwa ndugu Mbagala wiki tatu, na mbuzi wawili wa baba yake wameshauzwa. Ninyi wazee mnastahili mazoezi ya viungo na dawa, na kamati imeahidi kulijadili hilo katika bajeti ijayo.

Sasa ombi. Katika kila shilingi 10,000 utakayoahidi leo, 5,000 ni usafiri, kibali na bomba moja la akiba, ili moja likienda kwa fundi daktari mgeni asikute kitanda kitupu. Elfu mbili ni mafunzo. Elfu tatu zinaingia akaunti ya peke yake yenye saini mbili, moja yetu na moja ya hospitali, haziguswi kwa posho wala kwa chai. Hospitali nayo imekubali kuongeza humo sehemu ya malipo ya kila upasuaji. Na wenye watoto waliomaliza kidato cha nne wanaopenda kufungua redio, wapelekeni DIT au Chuo cha Ufundi Arusha wakasome ufundi wa vifaa tiba. Nyumbani kuna kazi inawasubiri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukipeleka vifaa bila akiba hii tutapiga picha nzuri mwaka huu, na mwakani tutanunua shuka la pili la kufunikia stoo. Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Andikeni, na mkishaandika, lipeni.

 Mwenyekiti, narudisha maikrofoni kabla pilau haijapoa.