Karatasi bila jina: wanafunzi wa Likasi, tupime masomo yetu kwa kweli



Miye niko mutoto wa Kikula. Nilimaliza masomo ya juu, diploma iko, kazi ingali haiko. Lakini sikukuja kulia. Nilikuja kusema juu ya ile karatasi wanatupatiaka mwisho wa mwaka, kutuuliza kama masomo ilikuwa muzuri.

Mwaka wangu wa mwisho, waliingia nayo mu oditwari. Juu kabisa: jina, promosio, nambari ya mwanafunzi. Asistenti wa somo lilelile alisimama mbele, anangoja. Na deliberasio ilikuwa ingali mbele yetu. Munafikiri tuliandika nini? Wote: "muzuri sana". Hata wale hawakugusa mashine ya labo siku moja. Hata miye. Ile siku nilidanganya, na wadogo waliokuja nyuma yetu njo walilipa deni.

Mupimo wa vile unapima woga tu. Kwa kupima masomo, tunaomba vitu vine.

Kwanza, karatasi isiwe na jina, na anayetufundisha asiikusanye. Wakusanye watu wa promosio ingine, mu kisanduku cha kufungwa, mbele ya mitihani.

Pili, waulize mambo yenye kuhesabika. Masaa ngapi ilifundishwa kweli, kati ya ile iliandikwa mu programu? Labo, muliingia mara ngapi? Silabusi, ulinunua kwa kupenda ao kwa kuogopa? Maji ku vyoo iko? Tena wasichanganye mwalimu na huduma: profesa anaweza kufundisha vizuri na kura ya umeme ikakatika kila siku.

Tatu, wasijifiche nyuma ya wastani. Watu 5: watatu wanatoa 5, wawili wanatoa 1. Wastani ni 3,4, na wakubwa wanasema "inatosha". Lakini wawili kati ya watano wameachwa. Pengine njo wale wanatembea kwa mguu toka Panda, na saa ya somo inabadilishwa bila kuwaambia.

Ine, matokeo ibandikwe ku valvu, na komite iseme itarekebisha nini, na lini.

Hatutafuti vita na walimu. Wako na shida zao, na mwalimu anayefanya kazi muzuri atapata ushahidi.

Mu mji huu, baba zetu walitumika Shituru, ku Gécamines. Shaba ilipimwa kila siku. Hakuna mukubwa aliandika "muzuri sana" mbele ya kuiweka ku mizani. Na mutoto wa yule mufanyakazi?

Wengine watasema: tutafukuzwa. Musome Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 27. Kila Mukongomani ana haki ya kuandikia wakubwa wa serikali petisio, peke yake ao pamoja na wengine. Wanapaswa kujibu mu miezi 3. Na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kufanya vile.

Basi kila promosio ichague watu wawili. Tuandike petisio moja, tuweke sahihi wote, tuhesabu miezi 3 pamoja.

Miye nilinyamaza, na nilitoka na diploma. Muniangalie: kunyamaza hakukunipatia kazi.