Yatima, Makao ya Kulelea na Kuasili: Mtoto Asivushwe Bahari Bila ya Hati

Maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi na wakaazi wa Makurunge, Bagamoyo





Awali ya yote natoa shukurani kwa kukaribishwa hapa Makurunge. Baina ya mahali hapa na Visiwani pana ujamaa wa siku nyingi. Wazee waliopo wanaikumbuka RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, iliyokuwa mali ya Serikali ya Zanzibar katika ardhi hii. Ranchi hiyo haipo tena, lakini ndoa, biashara na safari za majahazi hazikukatika. Hapana nyumba nyingi za mwambao huu zisizokuwa na shangazi, mjomba au binamu ng'ambo ya pili.

Kwa sababu ya ujamaa huo, mzazi anapofariki upande huu, mara nyingi mtoto hupelekwa upande ule. Na anapofariki kule, mtoto huletwa huku. Hilo ni jambo la kheri, na ni ada tuliyoirithi. Nililokuja kulisema leo ni moja: kheri hiyo haitimii mpaka iandikwe. Mtoto anayevushwa bahari bila ya hati huwa hana wa kumtetea siku mambo yanapogeuka, hata kama aliyemchukua alimchukua kwa moyo safi.

Nani anaitwa yatima

Ndugu wananchi, inafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika Uislamu, yatima ni mtoto ambaye hajabaleghe aliyefiwa na baba. Mashirika ya Umoja wa Mataifa humhesabu kuwa yatima mtoto wa chini ya miaka 18 aliyefiwa na mama, au baba, au wote wawili. Tofauti hii si ndogo. Mtoto aliyefiwa na baba huku mama yake yu hai anaitwa yatima kwa hesabu zote mbili, lakini hana haja ya kutafutiwa mama mwengine. Haja yake ni mama huyo asaidiwe ili aweze kumlea. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba watoto walio wengi ndani ya makao ya kulelea wana mzazi mmoja aliye hai, au hata wote wawili. Kilichowafikisha humo ni ufukara na maradhi, si kukosa wazazi.

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, taifa letu limefahamu vyema namna maradhi yanavyoweza kuwaacha watoto mikononi mwa bibi zao. Ni mabibi hao waliobeba sehemu kubwa ya mzigo ule, tena bila ya mshahara.

Funzo la Bagamoyo

Pwani hii ilikuwa na makao ya watoto kabla ya sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1860 mapadri wa Kikatoliki kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuwakomboa kwa fedha watoto waliokuwa wakiuzwa katika soko la watumwa. Mwaka 1863 kazi hiyo ilishikwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakahamia Bagamoyo na kuanzisha misheni ambayo majengo yake yapo hadi leo. Watoto waliokombolewa wakavushwa bahari kutoka Unguja kuja Bwani huku, wakafundishwa kusoma, kulima na kazi za mikono. Soko la Unguja lilifungwa baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873.

Watoto wale walipata chakula, mavazi na ufundi. Lakini mtoto aliyetekwa bara akiwa mdogo, akatembezwa mpaka pwani na kuuzwa kisiwani, hakuwa na mtu wa kumwambia kijiji chake ni kipi wala babu yake ni nani. Hayo hayakuandikwa popote, na hakuna fedha iliyoweza kuyakomboa. Leo hatuna biashara ya utumwa, lakini mtoto anaweza bado kupotezewa asili yake kwa sababu tu hakuna aliyeiandika.

Maisha ndani ya makao

Makao ya kulelea watoto yana kazi yake, na wanaofanya kazi humo wanastahiki heshima. Zanzibar kuna nyumba ya Serikali ya kulelea watoto iliyoko Mazizini, ambayo zamani ilikuwa Forodhani, na kuna Kijiji cha SOS kilichofunguliwa mwaka 1991. Mpango wa vijiji hivyo vya SOS, ambao ulianzishwa nchini Austria mwaka 1949, ni kuwaweka watoto katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba na mama yake, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe.

Hata hivyo, makao yaliyo mazuri vipi hayawi sawa na nyumba. Walezi hufanya kazi kwa zamu. Aliyemlaza mtoto usiku siye atakayemwamsha asubuhi. Mtoto hupangiwa saa ya kula, kuoga na kulala pamoja na wenzake wengi. Hajui bei ya unga, hajapata kutumwa dukani, wala hajakaa kitako katika harusi au msiba wa ukoo wake. Anapofikia umri wa kuondoka hukuta ulimwengu asiouzoea na jamaa asiowajua.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Nchini Romania, baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceauşescu mwaka 1989, yalionekana makao yaliyojaa watoto walioshiba lakini hawakupata wa kuwapakata. Katika mji wa Bucharest wataalamu kutoka Marekani waliwafuatilia watoto 136. Nusu yao walipelekwa katika nyumba za watu kulelewa, na nusu walibaki chini ya utaratibu wa makao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliopelekwa majumbani waliendelea vizuri zaidi kiakili, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Mtoto mchanga hawezi kungoja wakubwa wamalize mikutano.

Nawanasihi pia wafadhili na wageni. Makao si mahali pa matembezi ya jioni. Mtoto anayepakatwa na mgeni leo, akapigwa picha, na kesho asimwone tena, huachwa mara ya pili. Mwenye sadaka na aulize kwanza: je, ndani ya makao haya yumo mtoto ambaye bibi yake angemlea lau angepata msaada huu nyumbani?

Njia za kumpokea mtoto

Ndugu wananchi, wengi huchanganya mambo matatu ambayo kisheria ni mbalimbali.

Kwanza ni malezi ya kambo. Hapa familia iliyochunguzwa na Afisa Ustawi wa Jamii humpokea mtoto kwa muda. Nasaba yake haibadiliki, na iwapo hali ya jamaa zake itatengenea anaweza kurejea kwao.

Pili ni kuasili. Kwa Tanzania Bara, utaratibu wake umo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Amri ikishatolewa, mtoto huwa kama aliyezaliwa na wale walioasili, na haki na wajibu wa wazazi wa awali hukoma. Kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kiasi hicho, sheria imeweka masharti ya umri wa muombaji, muda wa kukaa na mtoto chini ya uangalizi, na taarifa ya ustawi wa jamii. Hapana mwenyekiti, sheha, mganga mkuu wala mkuu wa makao mwenye uwezo wa kumkabidhi mtu mtoto kwa barua na kusema ameasiliwa.

Tatu ni kafala. Hii ni njia ya Kiislamu ya kubeba dhamana ya kumlea mtoto, kumlisha, kumsomesha na kumlinda, huku akibaki na jina la baba yake. Sura ya Ahzab inafundisha kuwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inaitambua kafala. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20.

Muislamu anayemlea mtoto kwa kafala afahamu kuwa mtoto huyo si mrithi wake kwa faraidhi. Lakini mlango haukufungwa. Anaweza kumpa hiba wakati wa uhai wake, na anaweza kumuandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali yake. Asiyefanya hivyo, siku ya kufariki kwake mtoto aliyemlea miaka kumi na mitano atatolewa nje ya nyumba na warithi, na hao hawatakuwa wamevunja sheria.

Bahari moja, sheria mbili

Hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu. Bara ina sheria yake na Zanzibar ina yake. Usajili wa vizazi na vifo huku ni kazi ya RITA, na kule ni kazi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mtoto anayevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili huhama na mamlaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvuvi mmoja wa pwani hii anafariki, na mwaka wa pili mkewe anamfuata. Wameacha watoto watatu, nyumba ya matofali na shamba la minazi. Baada ya arubaini jamaa wanakaa kikao. Msichana wa miaka 10 anachukuliwa na jamaa wa Unguja aliyeahidi kumsomesha. Wa pili anakwenda kwa mjomba. Mchanga anapelekwa katika makao. Hakuna kilichoandikwa.

Baada ya miaka minane yule msichana hana cheti cha kuzaliwa. Skuli aliiacha darasa la nne, kwani kazi za nyumba zilikuwa nyingi. Kule aliko hana aliyemsajili. Huku alikotoka hayupo katika daftari la mtu. Nyumba imeuzwa na ami, na shamba lina mtu mwengine. Mdogo wake wa makao hajui kuwa ana dada. Ukimuuliza kila mmoja wa wale waliokaa kikao, atakwambia alikusudia mema, na huenda anasema kweli.

Kikao kile kilihitaji kufanya mambo machache tu. Kwanza, kuwapatia watoto vyeti vya kuzaliwa, na wazazi vyeti vya kifo. Pili, kufungua mirathi. Kwa huku Mahakama ya Mwanzo huteua msimamizi, na kwa Waislamu wa Zanzibar iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Sheria ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake, na wenye dini wanayajua makemeo yaliyomo katika Sura ya Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima. Tatu, kumwita Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya watoto kugawanywa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasisitiza kuwa ndugu wasitenganishwe ila kwa sababu nzito, na kwamba umasikini peke yake usiwe sababu ya kumuondoa mtoto kwao. Nne, kumuuliza mtoto mwenyewe. Mwenye miaka 10 ana la kusema.

Wajibu wa kila mmoja

Watumishi wenzangu, barua ya utambulisho ya mtoto anayesafiri isitolewe bila ya kuuliza anakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na skuli ipi itampokea. Nakala ipelekwe ustawi wa jamii wa upande wa pili. Manahodha na makarani wa bandari wasimpakie mtoto asiyekuwa na mzazi wala barua. Walimu watoe taarifa pale mwanafunzi yatima anapotoweka darasani.

Wananchi nao, mtu anapoleta mtoto mgeni mtaani, msisite kuulizia hali yake kwa wema. Akiwa anateswa au anafanyishwa kazi, ipo simu ya watoto namba 116, ambayo hupigwa bila ya malipo, Bara na Visiwani.

Na wale walioruzukiwa nafasi ndani ya nyumba zao, nawaombeni msirudi nyuma kwa kuogopa hati. Mtume Muhammad, Rehema na Amani zimshukie, alizaliwa baba yake akiwa keshafariki, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, akalelewa na babu na kisha na ami yake Abu Talib. Kila mkono uliompokea ulijulikana, na nasaba yake haikupotea. Mtoto wa Makurunge anayepelekwa Unguja, na wa Unguja anayeletwa Makurunge, naye ana haki ya kujulikana yu mikononi mwa nani.

Mwenye mtoto wa kulea ambaye hakuandikishwa hajachelewa. Aende ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yake, akichukua kumbukumbu yoyote aliyonayo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya skuli, au mzee anayewajua wazazi wa mtoto. Mzee huyo aende maadamu yu hai.