Kitufe Kabla ya Mteremko: Modi za Gari katika Kuvuta Tela na Kushuka Milima



Shaba inayotoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam huukuta mlima Kitonga ikiwa inashuka. Naanza na hilo kwa sababu tukiutaja Kitonga huwa tunalalamikia kupanda: lori limezima katikati, foleni imefika bondeni, utingo anakimbia na jiwe la kuzuia tairi. Kupanda kunakula muda na mafuta. Kushuka na mzigo kamili kunahitaji mahesabu mengine.

Tuyapige. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari la ekseli saba kufikia tani 56, gari na mzigo wake. Gari hilo likishuka kimo cha mita 100, nishati inayotakiwa kumezwa mahali fulani ni megajuli 55 hivi, joto la kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji. Kwenye mteremko wa asilimia 8, kwa kilomita 30 kwa saa, hizo ni kilowati 366, yaani karibu nguvu ya farasi 490, mfululizo mpaka mteremko uishe. Breki za magurudumu hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zikizidiwa, ngoma hutanuka kwa joto, bitana hupoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedali isiyojibu wakati geji inaonyesha upepo umejaa. Kwa hiyo joto lazima lipelekwe kwingine: kwenye injini, au kwenye ritada na rejeta. Modi tunazozizungumzia leo ni njia za kuliagiza gari lipeleke joto huko mapema.

Tuangalie kwanza pikapu, maana ndizo zenye kitufe kinachoeleweka haraka. Ford Ranger ya kizazi kilichoanza 2022 ina modi ya kuvuta tela miongoni mwa modi zake, na baadhi ya matoleo yake yanaruhusiwa kuvuta tela la kilo 3,500 lenye breki zake. Ukiichagua, injini haiongezewi hata farasi mmoja. Kinachobadilika ni uamuzi wa giaboksi. Wakati wa kupanda, gia inashikiliwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kubadilishwa, hivyo gari haliendi na kurudi kati ya gia mbili kila barabara inapoinuka kidogo. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakopasha moto oili ya giaboksi, na oili iliyoungua ndiyo inayowaleta wateja wengi kwa mafundi wa gia za otomatiki. Wakati wa kushuka, dereva akigusa breki, kompyuta inaelewa kwamba anataka kupunguza mwendo na inateremsha gia yenyewe. Injini inapiga kelele. Dereva mgeni husikia kelele hiyo akadhani kuna kitu kinavunjika, akaizima modi. Aiache ifanye kazi, mradi mshale wa mizunguko haujagusa eneo jekundu.

Pikapu isiyo na modi hiyo, na nyingi zilizopo barabarani kwetu hazina, inafanyiwa vivyo hivyo kwa mkono. Kwenye Hilux ya otomatiki unahamishia kishikio upande wa S, unateremsha gia na kuishikilia. Gari la manyuo halihitaji maelezo.

Hapa kuna mkanganyiko ambao nimeukuta mara kwa mara. Magari mengi yana kitufe kingine chenye picha ya gari linaloshuka kilima, na dereva hudhani ndicho cha kutumia Kitonga au Sekenke. Mfumo huo uliingia sokoni na Land Rover Freelander mwaka 1997, na kazi yake ni kwenye njia za matope na mawe, kwa mwendo wa kutambaa. Unatumia breki za magurudumu, moja moja, kupitia mfumo wa ABS. Kwenye lami ndefu, na tela nyuma, hiyo ni kuzipa kazi breki zilezile tunazotaka kuzipumzisha.

Kwenye malori makubwa historia ni ndefu zaidi. Mwaka 1931 Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini inayobeba jina lake, alikuwa kwenye lori la dizeli likivuka Marekani kuelekea Los Angeles. Katika mteremko wa Cajon, California, breki zilizidiwa na nusura lori ligongane na treni chini ya mlima. Alibaki na tatizo hilo kichwani miaka mingi, akabuni njia ya kuifanya injini ya dizeli ishindilie hewa kisha iitoe kabla haijaisukuma pistoni kurudi. Kampuni ya Jacobs ilianza kuiuza mwaka 1961. Breki za injini za leo kwenye Volvo au Scania zinafuata wazo hilohilo.

Jambo moja ambalo madereva wazoefu hulikosea ni mizunguko. Breki ya injini ina nguvu injini inapozunguka kasi. Kwenye mizunguko ya chini ni kelele tu. Ritada nayo hupeleka joto kwenye maji ya rejeta, na pampu ya maji inazunguka kwa kasi ya injini. Ukishuka na gia kubwa, pampu inazembea, maji yanachemka, ritada inajipunguza yenyewe ili isiunguze injini, na hapo unabaki na breki za miguu katikati ya mlima. Ndiyo maana kanuni ya wazee, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, haitoshi tena. Injini za sasa zina nguvu kiasi cha kupanda na gia ambayo si salama kushukia. Shuka na gia ya chini zaidi ya hiyo. Na mvua ikinyesha, punguza kiwango cha ritada, kwa sababu inashika magurudumu ya kuendesha peke yake. Yakiteleza, tela linakisukuma kichwa pembeni.

Sasa suala la nyutro. Kila mtu humu ndani anamjua dereva anayeachia nyutro mlimani ili abakize mafuta. Kwenye injini ya kielektroniki hesabu yake ni mbovu: ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, sindano hazipulizi hata tone. Ukiwa nyutro, injini inachoma mafuta ili isizime. Wengine watasema mbona Actros lenyewe linaachia, na Volvo pia. Ni kweli, EcoRoll na I-Roll hufanya hivyo, lakini kwenye miteremko midogo tu, na hurudisha gia mara breki au ritada inapoguswa. Kabla ya mlima mrefu, zima modi hiyo ya kubana mafuta.

Nasema hivi nikiwaangalia wamiliki. Dereva anayelipwa posho kwa kila lita aliyobakiza ataiacha modi ya kubana mafuta ikiwaka kuanzia Tunduma hadi Ubungo, semina au hakuna semina. Mifumo mingi ya kufuatilia magari inaweza kuonyesha matumizi ya ritada, breki na gia wakati wa kushuka. Pendekezo langu kwa mjadala wa mchana ni kwamba posho ya mafuta iondolewe kwenye vipande vya milima, na mahali pake dereva apimwe kwa idadi ya mara alizokanyaga breki za magurudumu akishuka. Mafundi watusaidie kusema kiwango gani ni cha haki kwa kila aina ya gari.